Daktari, Si Hapa

Venezia, 14 Oktoba 1978

Shangazi Ersilia,

Nianze na hali. Mimi ni mzima, nimepungukiwa meno mawili tu, na magoti bado yananitii. Wewe na Bwana Eligio mnaendeleaje huko Rosario, ng'ambo ya bahari? Kaburi la baba liliwekewa jiwe mwezi Agosti. Ni jiwe la kawaida, jina na miaka, kama alivyotaka. Najua wewe na kaka yako hamkusemezana miaka mingi. Sijui ni kwa nini, na leo sikuulizi.

Nakuandikia kutoka Venezia. Kazi yangu unaijua: nakagua reli, natembea kilomita kumi na nne kwa siku juu ya mataruma nikigonga vyuma kwa nyundo, na sisi watu wa reli treni tunapanda bure. Nikajiambia, siku zangu za mapumziko nitazitumia kutembelea mji nilimozaliwa. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Argia, anayeongea na paka wake zaidi kuliko anavyoongea na mimi.

Sababu ni hii. Ndani ya kitabu cha sala cha baba nilikuta kikaratasi. Kimekunjamana kama kilichotota kikaanikwa juu ya jiko, na wino umetambaa pembeni, lakini maneno yanasomeka: Uchochoro wa Tanuri, 2714, ghorofa ya tatu. Cheti changu kinasema nimezaliwa Venezia, basi. Mama yangu Oliva alikufa siku hiyo hiyo. Baba hakuniongezea neno miaka yote thelathini. Nadhani hiyo ndiyo nyumba, shangazi, na nataka nisimame pale alipofia mama. Sitaki kingine.

Leo nimetembea tangu asubuhi. Kumbe kila mtaa wa mji huu una Uchochoro wa Tanuri wake, kwa sababu kila mtaa ulikuwa na tanuri lake la mkate! Nimeona vitatu, na namba zake haziendani na yangu. Karibu na wa tatu, ukungu ukiwa umeanza kushuka, bwana mmoja mwenye koti jeusi na mkoba akanivulia kofia. Akaniuliza kwa upole Uchochoro wa Tanuri uko wapi. Nikacheka, nikamwambia na mimi nautafuta, yeye anataka wa mtaa gani? Akajibu kwamba hakuambiwa. Kisha akakata kona. Nikamfuata nimwonyeshe kikaratasi changu, nikajikuta mbele ya maji. Uchochoro ule unaishia mferejini. Nimeupima: hatua kumi na tisa, kuta mbili, mlango hakuna.

Niambie, shangazi. Nyumba iko mtaa gani? Na kikaratasi hiki aliandika nani?

Wako mtiifu, mwenye soksi zilizolowa,
Tullio


Rosario, 6 Novemba 1978

Mwanangu Tullio,

Barua yako imetufikia, na Eligio ameisoma kabla yangu maana miwani yangu imekaliwa. Aliyeikalia ni yeye. Anakusalimu. Mgongo wake unamsumbua, mimi miguu, kwa hiyo sisi wawili tunafanya mtu mmoja mzima. Huku joto limeanza, na jirani yetu anapiga redio mpaka bati linatetemeka.

Hivi wewe unatembea Venezia kwa kuhesabu hatua? Kweli umekulia Torino. Funga hiyo ramani mtoto wa kaka yangu, unatuaibisha. Uliza watu. Lakini atakayekuambia "moja kwa moja tu" usimwamini. Kwetu maana yake ni kwamba amechoka na wewe. Pita kulia. Usisimame juu ya daraja watu wakipita, watakutukana, na watakuwa na haki. Na hili lishike kuliko yote: jiwe likiwa la kijani, simama hapo hapo. Jiwe la kijani maji yanalifikia, na litakuangusha. Sisi tunafundishwa hilo kabla hatujajua kusema baba.

Kula. Mwambie huyo mwenye paka akupikie dagaa wa kukaanga waliolazwa kwenye vitunguu na siki. Akikataa, hama.

Mama yako alikuwa mcheshi. Alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja, kwa ajili ya jino moja lililopanda juu ya jingine. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na mitano asiye na mama, na kila Jumamosi alinikalisha chini akanisuka, akinivuta nywele mpaka macho yanatoa machozi. Nilimpenda sana, Tullio. Hilo ulijue.

Nyumba sikumbuki. Ni zamani mno, na tulihamahama. Hicho kikaratasi kichome, karatasi iliyolowa inaleta kuvu kwenye vitabu.

Huyo bwana uliyekutana naye, mkoba wake ulikuwa wa rangi gani? Nauliza tu.

Shangazi yako anayekupenda,
Ersilia


Venezia, 22 Novemba 1978

Shangazi,

Namshukuru Mungu kwa magoti ya Bwana Eligio na mgongo wako, au ni kinyume chake. Nimerudi Venezia kwa siku chache, na Bi Argia amewapika hao dagaa. Amesema aliyenielekeza ni mtu wa kwao kabisa, kisha akanipa sahani ya pili bila kuombwa. Kwa hiyo sihami.

Mkoba ni wa kahawia, wa ngozi, na kishikio kimefungwa kwa kamba. Nimeuona kwa karibu, kwa sababu nimemwona tena.

Jana ilikuwa sikukuu ya Bikira wa Afya, na ilikuwa pia siku yangu ya kuzaliwa. Nilivuka Mfereji Mkuu juu ya lile daraja la mashua wanalolitandika kwa siku hizo chache, nikiwa na mshumaa kama kila mtu, nikamwashia mama. Nilikunywa supu yao ya nyama ya kondoo na kabichi. Ilipofika saa tisa alasiri nikauacha umati, nikaingia upande wa Cannaregio ambako nilikuwa sijafika. Shangazi, upande ule ulikuwa mtupu. Mji mzima ulikuwa kwenye sikukuu. Maduka yamefungwa, madirisha yamefungwa, na ukungu umejaa vichochoro hivi kwamba nilikuwa nasikia viatu vyangu kabla sijaona vidole vyangu.

Nikasikia viatu vya mtu mwingine mbele. Vilikuwa vinatoa maji. Unakijua kile kishindo cha kiatu kilichojaa maji, na chini palikuwa pakavu. Alikuwa yeye. Suruali imelowa mpaka kiunoni. Alikuwa anasimama kila mlango, anasoma namba, anatazama kikaratasi mkononi, anasonga mbele. Nikamfuata kwa sababu, nisikufiche, niliona kikaratasi chake kina maneno yale yale.

Tukafika Uchochoro wa Tanuri wa Cannaregio, na namba 2714 ipo! Akagonga mara tatu. Hakuna aliyefungua. Akageuka, akaniona, akavua kofia, akasema, "Samahani bwana. Msichana hakuandika mtaa. Alisema anakuja nyuma yangu. Hujakutana naye?"

Akapita kando yangu akashuka kwenye uchochoro wa pembeni. Nikainua mguu nimfuate, nikaona jiwe la kijani, nikasimama kama ulivyonifundisha. Yeye hakusimama. Sikusikia maji yakiruka. Mbele yangu palikuwa na mfereji umetulia kabisa, na ukungu juu yake.

Nikarudi kwenye ule mlango nikagonga mwenyewe, nikasema kwa sauti kuwa mimi ni mtu. Mama mmoja mnene akafungua upenyo, akaniambia nimsamehe, siku ya leo huwa hawafungui. Kila mwaka, siku hii, saa hizi, kuna mtu hugonga mara tatu, tangu kabla yeye hajaolewa hapo. Zamani mama mkwe wake alikuwa anajibu kwa ndani kwamba humu hakuna mzazi, hakuna aliyeshikwa na uchungu. Siku hizi wameandika tu. Akanionyesha kibao kidogo kilichopigiliwa chini ya namba, rangi nyeupe juu ya mbao: DAKTARI, SI HAPA. Alisema wanakipaka rangi upya kila baada ya miaka michache, maana chumvi inakila.

Anatafuta mzazi, shangazi. Mimi nilizaliwa tarehe hiyo. Huyo msichana ni nani?

Tullio


Rosario, 19 Desemba 1978

Tullio mwanangu,

Heri ya Krismasi. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya joto. Eligio amenunua keki ya zabibu kavu kutoka kwa Waitaliano wenzetu wa mtaa wa pili, ngumu kama tofali, tutaila kwa heshima tu.

Usiende tena kule. Umeshaona mji, umeshakula dagaa, inatosha. Una kazi Torino, na kuna wasichana Torino, oa. Mtu huyo ukimwona usimfuate, usimwambie neno, na usimpe jina lako wala la mtu mwingine yeyote wa kwetu.

Umri wangu ni miaka arobaini na sita na ninaomba kitu kimoja tu kwako.

Ersilia


Torino, 8 Januari 1979

Shangazi,

Theluji imefika magotini na reli zinapasuka kwa baridi, kwa hiyo kazi ni nyingi. Mimi ni mzima. Nakutakia mwaka mwema.

Jana nilikuwa mezani jikoni na barua zako mbili, na kile kikaratasi. Sikukichoma. Kazi yangu ni kutazama vitu vinavyofanana na kuona palipo na ufa, shangazi, ndiyo inayonilisha. Saba yako ina kijimstari katikati na mkia uliopinda kushoto. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwona akiandika saba hivyo. Kwenye kikaratasi kuna saba moja, na inafanana kabisa na ile uliyoandika juu ya bahasha.

Uliniambia hukumbuki nyumba. Umeniambia uwongo, mimi yatima wa mama na sasa wa baba. Nimekasirika, nakwambia wazi. Wewe ndiye mtu pekee aliye hai anayejua mama yangu alikufaje, na unaniandikia habari za keki.

Msichana ni wewe. Nieleze, au usiniandikie tena.

Tullio Busetto


Rosario, 30 Januari 1979

Tullio,

Leo salamu zitakuwa fupi. Eligio ametoka, nimemtuma mbali makusudi.

Msichana ni mimi.

Ilikuwa sikukuu ya Bikira wa Afya, mwaka arobaini na saba. Oliva alishikwa na uchungu saa sita mchana, wiki mbili kabla ya wakati. Baba yako alikuwa kazini, kwenye ukarabati wa meli, mbali. Mkunga alikuwa ameenda kanisani kama kila mtu. Jirani mmoja ndiye aliyebaki na Oliva, akaniambia nikimbie kwa daktari nimlete. Kwetu daktari haelekezwi, Tullio. Unakwenda, unamshika mkono, unamleta mpaka kitandani. Mtoto yeyote wa Venezia anajua hivyo, kwa sababu anwani zetu hazimsaidii mtu ambaye hajazijua tayari. Oliva mwenyewe aliniambia kutoka kitandani, "Mshike mkono, Ersilia." Akanilazimisha nivae shali yake, eti nje baridi.

Daktari wetu naye alikuwa kwenye sikukuu. Nilimkuta wa kushikilia nafasi, mtu wa milimani, ana siku tatu tu mjini. Alisema nimngoje avae koti, atafute na dawa. Mimi nilikuwa na mshumaa mfukoni. Wenzangu walikuwa wananisubiri pale pale karibu, kwenye daraja la mashua, nasikia wanavyocheka. Alikawia. Nikachukua karatasi mezani kwake nikaandika uchochoro, namba, ghorofa. Nikamwambia atangulie, mimi nakuja nyuma yake.

Mtaa sikuandika. Kwangu mimi Uchochoro wa Tanuri ulikuwa mmoja tu duniani, wa kwetu.

Nikavuka daraja. Nikamwashia Oliva mshumaa, ndiyo, nilimwashia, nikaona nimefanya la maana sana. Nikala maandazi ya sukari. Niliporudi taa zilikuwa zimewashwa, nikakusikia wewe unalia tangu chini ya ngazi, nikafurahi. Juu, jirani alikuwa anafunga mashuka. Alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Aliniuliza, "Daktari yuko wapi?"

Walimtoa mferejini baada ya siku mbili, upande wa Cannaregio. Alikuwa hajui habari za jiwe la kijani. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake, na hata polisi walizunguka mitaa mitatu kabla ya kufika kwetu. Baba yako aliianika, akaiweka mezani mbele yangu, akauliza mwandiko wa nani. Nikasema wangu. Hilo ndilo neno la mwisho tuliloongea. Nilikaa naye nyumba moja miaka miwili na zaidi, nikikuogesha na kukulisha, na hakunitazama. Ndipo nikaolewa na wa kwanza aliyekuwa na tiketi ya meli. Nashukuru alikuwa Eligio.

Ulitaka nyumba. Ni mtaa wa Castello. Ukiwa uwanja wa kanisa lenye kengele mbili, ambazo moja ina sauti ya sufuria, mpe kanisa mgongo. Vuka daraja lenye ngazi tano kwa kupanda na saba kwa kushuka. Pita ile njia iliyo chini ya nyumba, uinamishe kichwa. Kona ya pili kwa bega la kushoto, pana duka la mkate. Mlango wa kijani mkabala nalo.

Ukimwona yule bwana, nakuomba. Mpeleke. Miaka thelathini na moja anatembea kwa sababu yangu.

Usiponiandikia tena nitaelewa.

Ersilia


Venezia, 26 Februari 1979

Shangazi,

Nakuandikia. Nimekaa na barua yako wiki mbili, nikiichukua kazini na kuirudisha, na siwezi kusema kila kitu kimekwisha moyoni. Lakini ulikuwa mtoto. Na ulinilisha, jambo ambalo baba hakuwahi kuniambia. Msalimu Bwana Eligio.

Njia yako ni sahihi mpaka ngazi ya mwisho. Kengele bado ina sauti ya sufuria. Duka la mkate lipo, linaendeshwa na Bi Nerina, mwanamke wa umri wako. Alinipa mkate na hakutaka niulipie aliposikia mimi ni wa nyumba ya mkabala.

Nyumba yenyewe ni gofu. Nakuambia mapema ili usiwe unaiona vingine akilini. Tangu yale mafuriko makubwa ya sitini na sita hakuna anayeishi humo. Mlango wa kijani unasukumika. Ngazi zinapanda hadi ghorofa ya pili, halafu basi, zimekatika. Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho nikatazama juu. Ghorofa ya tatu hakuna, shangazi. Sakafu imeanguka, paa limeanguka, pana kuta nne na njiwa na anga. Kwenye ukuta mmoja pamebaki msumari, na alama nyeupe ya kitu kilichokuwa kimetundikwa. Nilimwombea mama nikiwa hapo hapo kwenye ngazi. Nililia, kama unataka kujua.

Yule bwana nilimtafuta siku tatu. Leo saa nne asubuhi, ukungu mzito, nimemkuta Cannaregio akisoma kile kibao. Nilimsogelea nikamwambia, daktari, ni Castello, naijua njia, twende. Nikanyoosha mkono. Alinitazama kwa shukrani kabisa, lakini akautazama mkono wangu asiushike. Akasema, "Wewe ni mwungwana, bwana. Lakini msichana amesema anakuja nyuma yangu. Nikienda na mtu mwingine, atanikosa." Kisha akageuka kutazama nyuma yake, uchochoroni, kama mtu anayengoja.

Hatakwenda na mimi. Anakungoja wewe.

Sikuombi uje. Nakuambia tu nilichokiona.

Tullio


Venezia, 21 Novemba 1979

Tullio, mwanangu, kipenzi cha shangazi,

Umeniandikia mara nne tangu Februari na sikujibu hata moja. Nitukane ukipenda. Eligio ni mzima, nimemwachia chakula cha wiki mbili, najua kitakwisha kwa siku tano. Bi Argia amenipa chumba chako na anakusalimu. Paka amekufa, kuna mwingine, anaitwa jina lile lile. Sikukuambia nakuja kwa sababu ungenifuata stesheni, na ningekushika wewe mkono, na nguvu yote ingeishia hapo.

Naandika haraka, nimesimama kwenye kaunta ya duka la mkate. Bi Nerina amefungua leo kwa ajili ya supu yake tu, anataka kufunga aende kanisani, na amekubali kuiposti barua hii. Nilijiapiza kwamba safari hii kabla ya jambo lolote nitakuandikia kwanza.

Nilimpata daktari saa tisa. Ukungu ni ule ule. Sikununua mshumaa na sikutazama kwenye daraja. Alikuwa anatoka kwenye mlango wenye kibao, na nilidhani hatanijua, mimi mwanamke mnene mwenye mvi. Akavua kofia, akasema, "A, umefika. Nilianza kuwa na wasiwasi umepotea." Hakukasirika, Tullio. Ningependa angekasirika.

Nikamshika mkono. Ni wa baridi na umelowa, lakini unashika. Tumetembea Cannaregio yote, tumevuka madaraja, na mtu hakututazama. Kila penye jiwe la kijani nilimwambia asimame, na alisimama. Njiani aliuliza mama ana umri gani, uchungu umeanza saa ngapi, nami nikajibu yote kama nilivyopaswa kujibu siku ile. Tumepita chini ya nyumba, akainamisha kichwa bila kuambiwa.

Wewe ni mwongo mkubwa. Uliniambia ni gofu! Mlango umepakwa rangi mbichi ya kijani, imenishika mkononi, ndiyo hii alama kwenye karatasi. Ngazi ziko zote, zimepigwa deki, zinanukia sabuni ile tuliyotumia. Daktari alizipanda mbili mbili na mkoba wake, nikahesabu hatua zake ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasikia mlango wa juu ukifunguliwa. Mimi nikabaki chini. Sikuthubutu.

Kisha Oliva akaniita. Sauti yake, Tullio, imechoka lakini inacheka, najua kwamba ameziba mdomo. Alisema, "Ersilia, unasimama nini huko chini? Panda, utashikwa na baridi."

Nimemwambia aningoje kidogo, naandika barua. Nimevuka uchochoro nikaingia hapa. Bi Nerina ananiuliza naongea na nani, na kwa nini natazama lile gofu. Nimemwonyesha dirisha la ghorofa ya tatu, taa inawaka na pazia ni letu. Ameniambia nikae, ninywe kitu cha moto. Amekuwa mweupe. Mwema sana, ila macho yake hayaoni vizuri.

Mambo yangu yako kwa Bi Argia. Miwani mpya niliyomnunulia Eligio iko kwenye sanduku, imefungwa ndani ya soksi, isije ikakaliwa.

Ananiita tena. Na sasa kuna mtoto analia, ulilia hivyo hivyo miaka miwili mizima nilipokuwa nakubeba, sauti hiyo siwezi kuikosea. Kumbe daktari amefika kwa wakati. Napanda kidogo tu, nimwombe msamaha mama yako uso kwa uso, nikubebe, kisha nitashuka.

Ersilia